Vipete mkekani: kisa cha cheni ya saa iliyopunguzwa nyumbani

Kabla ya kuanza

Kisa hiki ni cha wateja wangu wawili, ndugu wa tumbo moja, na wote wawili wamekubali nikiandike. Majina nimeyaondoa, mji sitautaja zaidi ya kusema uko pwani ya Tanzania, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyageuza ili wasitambulike. Mkubwa nitamwita H, mdogo nitamwita S. Mimi ni fundi saa mwenye meza barazani. Kama itakavyoonekana mbele, sikuwa mtazamaji tu katika haya yaliyotokea.

Nakiandika kwa ajili ya wale wanaonunua maboksi ya zana za saa kwa simu, ambao siku hizi ni wengi. Sina nia ya kuwatisha warudi mezani kwangu. Kubadili betri na kupunguza cheni ni kazi ambazo mtu makini anaweza kuzifanya sebuleni kwake. H ni mtu makini. Ndiyo maana kisa chake kina faida kuliko cha mtu mzembe.

Usuli

S alikuwa anaoa. Mjomba wao anayefanya kazi Muscat alikuja likizo wiki moja kabla ya harusi, akamletea Seiko ya otomatiki, ya chuma cha pua, dirisha la siku likiwa na Kiarabu na Kiingereza kama zilivyo nyingi zinazouzwa Ghuba. Zawadi ya mjomba kwa bwana harusi haikai sandukuni. Ilikuwa lazima ivaliwe siku ya nikahi, Ijumaa, mbele ya mjomba mwenyewe.

Tatizo lilikuwa cheni. Ilikuja nzima kama ilivyotoka kiwandani, na mkono wa S una mzunguko wa sentimita 16 na nusu tu. Alipoivaa, uso wa saa uligeuka ukaelekea chini, ikaning'inia kama bangili ya shangazi.

H ni fundi wa nyumba yao. Feni ikikwama, pasi ikikataa kuwaka, bomba likivuja, huitwa yeye. Upande wa saa alikuwa na donda la zamani: fundi mmoja wa mtaani aliwahi kumpunguzia cheni akairudisha na mikwaruzo mitatu mirefu ubavuni, kisha akamwambia ilikuja hivyo. Tangu hapo aliapa saa haitatoka mkononi mwake kwenda kwa mtu. Akaagiza boksi la zana kwa shilingi 38,000. Mezani kwangu, kupunguza cheni ni 3,000.

Boksi lilijitangaza kuwa na zana 147. Hesabu ni ya kweli kwa namna yake, maana 108 kati ya hizo ni pini za springi, zile fimbo ndogo zinazoshika mkanda kwenye mwili wa saa, za kuanzia milimita 8 hadi 25, na kila moja imehesabiwa kuwa zana. Zilizobaki ndizo zinazopatikana katika kila boksi la aina hii: kishikio cha plastiki cha kusimamishia cheni, kisukumio cha skrubu chenye sindano mbele, nyundo ndogo, misumari mitatu ya kugongea, uma wa kutolea pini za springi, kifungulio cha mifuniko ya nyuma, kisu butu, vibano, bisibisi tano na lenzi ya jichoni.

Siku boksi lilipofika, H aliniandikia ujumbe: "Shikamoo fundi. Pingili za cheni ya saa zinatolewaje?"

Nilikuwa na mteja mbele yangu na mwingine anasubiri. Nikamjibu: "Marahaba. Fuata mishale tu."

Jumatatu: betri

Hakuanza na saa ya mdogo wake. Alianza na Casio F-91W ya mwanawe iliyokuwa imezimika, jambo la busara, kwani hiyo ni saa ambayo ukiiharibu hulii. Nyuma ina skrubu nne ndogo. Alizifungua, akainua mfuniko kwa kisu butu, akakuta ndani kuna kispringi kilichosimama wima, ambacho kazi yake ni kupeleka mlio kwenye mfuniko. Kilitaka kuruka. Alikiona kwa sababu ya lenzi, akakiweka kwenye kifuniko cha chupa. Betri ilikuwa CR2016 ya volti 3, maandishi yake yamo juu yake. Alipoweka mpya, kioo kikaonyesha vijistari visivyosomeka. Akatafuta, akakuta kwenye chuma cha ndani pameandikwa AC, akagusisha sehemu hiyo na upande chanya wa betri kwa kibano kwa sekunde moja mbili, saa ikajiweka upya. Akafunga. Dakika 25 kwa jumla, na mlio ulilia.

Kazi safi. Naieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyompa H imani aliyoingia nayo Jumatano. Saa ile inajieleza yenyewe: skrubu inaonekana ni skrubu, betri imeandikwa jina, na hata kitu kinachotaka kupotea kinasimama wima ukione. Cheni ya Seiko haiko hivyo.

Jumatano usiku: cheni

Alikaa sebuleni baada ya Isha, chini, juu ya mkeka, taa ya darini ikiwa mgongoni mwake. Kabla ya kugusa chochote aliipiga cheni picha pande zote. Akamvisha S, akabana cheni kwa vidole mpaka ikakaa vizuri, akahesabu: pingili nne zitoke, mbili kila upande ili kifungio kibaki katikati chini ya kiganja. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Watu wengi hutoa zote upande mmoja, kisha wanashangaa kwa nini kifungio kinawachoma ubavuni mwa mkono wanapoegemea meza.

Aliona mishale ndani ya pingili. Akaweka cheni kwenye kishikio, akalenga sindano ya kisukumio kwenye tundu, akazungusha. Sindano ya kwanza ikapinda. Ya pili ikapinda. Boksi lilikuja nazo tatu. Akaiacha ya tatu, akachukua msumari mwembamba na nyundo, akagonga kwa mfuatano wa mshale, pini ikasogea, akaimalizia kuivuta kwa kibano. Akarudia mara nne, pini nne, mbili kila upande. Vipande viwili vikatoka, kila kimoja kikiwa na pingili mbili ambazo bado zimeshikana. Akavitia kwenye bahasha pamoja na pini mbili za ziada.

Kisha akaanza kuunganisha. Pini ya kwanza aliingiza kinyume cha mshale, kama inavyotakiwa. Ikaingia bila kugongwa. Akainamisha cheni, pini ikateleza ikatoka yenyewe ikaangukia mkekani.

Alijaribu upande wa pili, hali ikawa ile ile.

Uamuzi wa saa nne usiku

Hapa nilimhoji H kwa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo kisa kilipogeukia. Alikuwa na njia tatu mbele yake, na anazikumbuka zote.

Ya kwanza ilikuwa kuacha, aniletee asubuhi ya Alhamisi. Aliikataa kwa sababu mbili: Alhamisi alikuwa na kazi ya kupokea viti na maturubai, na zaidi ya hapo, alikuwa ameshamwambia S mbele ya mjomba kwamba "hiyo kazi ya dakika kumi". Ya pili ilikuwa kuipinda pini kidogo kwa koleo ili ikwame. Aliijaribu kwa pini moja ya ziada, akaona inakwaruza tundu, akaacha. Ya tatu ilikuwa supagluu.

Alidhani pini zimelegea kwa kugongwa. Mtu asiyejua kilichomo ndani ya tundu hana namna nyingine ya kufikiri: pini ilikuwa imekaza, nimeigonga, sasa imelegea, basi kugonga ndiko kulikoilegeza. Akatia tone moja kwenye kila pini, akaingiza, akafuta kilichotoka nje, akasubiri robo saa. Kisha akaipima kazi yake. Alishika cheni pande mbili akaivuta kwa nguvu, mara kadhaa. Haikuachia. Akaitia saa ndani ya boksi lake la zawadi, akafunga, akalala.

S hakuambiwa habari ya gundi.

Asubuhi boksi lilipofunguliwa, pingili mbili na sehemu ya kioo zilikuwa na ukungu mweupe kama unga. Ule ni mvuke wa gundi. Ukifungiwa mahali padogo hutua kwenye kila kilichomo ndani. H aliufuta kioo kwa kitambaa chenye maji, ukatoka kiasi. Hakuuchukulia kuwa ishara ya lolote.

Ijumaa hadi Jumapili

Nikahi ilisomwa baada ya swala ya Alasiri. S alitia udhu akiwa na saa mkononi, kwa kuisogeza juu na chini ili maji yapite. Saa ilikaa vizuri, mjomba aliiona, akafurahi.

Jumapili mchana kulikuwa na chakula nyumbani kwa wazazi. Baada ya kula S alikwenda bombani kunawa, akakung'uta mikono, na cheni ikaachia upande mmoja. Saa ikaruka ikagonga sakafu ya saruji kwa ukingo wa kioo. Pini haikuonekana tena. Huenda ilishuka na maji.

Saa haikusimama. Ilikuwa na jeraha ukingoni mwa kioo karibu na namba nne, kama kipande cha ukucha, na kufika Jumatatu ilikuwa imekwenda mbele dakika nane.

Mezani kwangu

H alikuja nayo imefungwa kwenye leso. Nilipoona ukungu katikati ya pingili nilimuuliza, "Umetia gundi?" Akasema ndiyo. Nikamuuliza, "Vile vipete umeviweka wapi?"

Akanitazama. "Vipete gani, fundi?"

Nikachukua lenzi nikaangalia tundu la pingili lililokuwa wazi. Tupu. Nikajua yaliyotokea, na nikaukumbuka pia ujumbe wangu wa maneno matatu.

Seiko, kwa cheni zake nyingi, haitumii pini inayojibana yenyewe. Pini ni fimbo laini isiyo na mpasuko wowote. Kinachoishika ni kipete, yaani kibomba kifupi cha chuma kilichokaa ndani ya tundu la pingili, kifupi kuliko nusu ya punje ya mchele. Pini hupita ndani ya kipete kwa kugongwa na kubanwa humo. Ukiisukuma pini itoke, kipete hubaki tunduni kikiwa hakishikwi na chochote, na ukizitenganisha pingili kinaanguka. Hakitoi sauti ya maana. Kikiangukia kitambaa cheupe unakiona. Kikiangukia mkeka wa ukindu kinaingia kati ya mishono, na habari yake imekwisha.

Niliitoa cheni kwenye mwili wa saa kwanza, kisha nikailoweka ile sehemu yenye gundi kwenye asetoni, ile wanayoondolea rangi ya kucha. Cheni peke yake: asetoni ikigusa mpira wa kuzuia maji au kioo cha plastiki inavila. Baada ya nusu saa gundi ililainika, nikasukuma pini iliyobaki ikatoka. Sasa nilihitaji vipete viwili, na vipete havina saizi moja kwa cheni zote.

Nikamuuliza H kama zile pingili alizotoa bado anazo. Akatoa bahasha mfukoni.

Vile vipande viwili, kila kimoja kilikuwa na pingili mbili ambazo hakuzitenganisha. Katikati ya kila kipande palikuwa na pini moja na kipete kimoja, havijaguswa tangu kiwandani. Usiku ule wa Jumatano alikuwa amevishika mkononi mwake vipete viwili alivyovihitaji, vya saizi yake hasa, akavitia kwenye bahasha, akachukua gundi.

Kuvirudisha kulinichukua chini ya dakika kumi. Kipete kinatangulia tunduni, pingili zinapangwa sawa, pini inaingizwa kutoka upande usio na kipete, kinyume cha mshale, inasukumwa kwa kidole mpaka inakigusa kipete na kukataa. Hapo ndipo nyundo inaingia, mapigo mepesi, mpaka kichwa cha pini kizame sawa na ukingo wa chuma.

Ndani ya saa, pigo la sakafu lilikuwa limelitupa duara la nje la springi nyembamba inayoendesha gurudumu la mapigo. Lilikuwa limekwama mahali pasipo pake, springi ikafupika, gurudumu likaenda mbio. Ndiyo zile dakika nane. Vishikio vya gurudumu lenyewe vilikuwa salama, kwani Seiko huwekewa kinga ya mtikisiko wanayoiita Diashock. Nililirudisha duara mahali pake kwa ncha ya kibano. Kazi hiyo haimo katika boksi la mtu yeyote, na simshauri mtu kuijaribu sebuleni.

Uchambuzi: kilichokosewa

Kosa la kwanza si la H peke yake. Mishale inaeleza jambo moja tu: pini inatoka upande gani. Haielezi pini inashikwa na nini, na hilo ndilo swali linaloamua kazi nzima. Karatasi iliyokuja na boksi ilisema fuata mishale. Fundi aliyeulizwa naye akasema fuata mishale. Ningeongeza swali moja, "ni saa ya aina gani?", nadhani nisingekuwa ninaandika haya.

Kwa atakayetaka kujua kabla ya kugonga, cheni nyingi utakazokutana nazo ni za namna tatu. Ikiwa ubavuni mwa pingili unaona mfereji wa bisibisi upande mmoja, hiyo ni skrubu, usiigonge kamwe. Ikiwa upande mmoja wa pini una mstari mwembamba kama umepasuliwa, hiyo ni pini ya mpasuko: inajibana yenyewe, inatoka kwa mfuatano wa mshale, na inaporudi upande mzima unatangulia, mpasuko unaingia mwisho. Ikiwa ni mviringo laini pande zote mbili, weka shaka ya kipete, tandika kitambaa cheupe, toa pini moja tu, kisha geuza pingili juu ya kitambaa na uzigonge kwa ukucha. Hakuna kilichoanguka? Chungulia tunduni kwa lenzi kabla ya kuendelea na ya pili.

H alitoa pini zote nne kabla ya kujaribu kurudisha hata moja. Angetoa moja akairudisha, angegundua ulegevu mapema akiwa bado na pini tatu zilizo mahali pake za kulinganisha. Hili ni kosa ambalo hata mafundi tunalifanya tukiwa na haraka.

Kosa lililoniumiza zaidi ni la kipimo, kwa sababu alipima kwa nia njema na kipimo kikamdanganya. Alivuta cheni kwa urefu wake. Ukivuta hivyo, pini inabeba mzigo kwa kukatiza, kama komeo linavyobeba mlango unaosukumwa. Hata pini isiyo na gundi wala kipete ingestahimili. Pini haitoki kwa kuvutwa huko. Inatoka kwa kutembea pembeni, kidogo kidogo, kila mkono unapogeuka. Kipimo chake ni kuisukuma pini yenyewe, kwa ncha ya msumari, kwa nguvu ya kidole tu bila nyundo. Ikisogea, haijashikwa. Na uirudie baada ya kuivaa saa siku moja.

Gundi yenyewe haikuwa na nafasi. Supagluu ni ngumu lakini hupasuka kirahisi kwa mtikisiko, haipendi maji ya mara kwa mara, na chuma laini chenye mafuta ya kiwandani ni mahali pabaya pa kuikamatisha. Ongeza udhu mara tano kwa siku na jasho la bwana harusi ndani ya joho, mwezi wa kaskazi.

S alipokuja kuchukua saa alinionyesha picha za nikahi kwenye simu. Kuna moja anatia saini, mkono wa kushoto umekandamiza karatasi. Tukaikuza. Pini ilikuwa imechomoza ubavuni mwa cheni, milimita mbili au zaidi, saa arobaini na kitu kabla ya kuanguka. Angekuwa ameambiwa kuna gundi, huenda angekuwa anaitazama. H alinyamaza kwa kuona haya mbele ya mdogo wake na mjomba, na simlaumu sana kwa hilo, ila saa ilianguka ikiwa mkononi mwa mtu asiyejua kwamba inaweza kuanguka.

Uchambuzi: kilichofanywa vizuri

Kuhifadhi pingili kulituokoa. Ninao wateja wanaotupa vipande siku hiyo hiyo, na wengine huviacha mezani kwangu kama takataka. Kipande cha cheni ni ghala la pini na vipete vya saizi isiyopatikana dukani. Kitunzwe kwenye boksi la saa.

Kuanza na saa ya bei ndogo kulikuwa sahihi, ingawa kulimfundisha somo la saa nyingine. Kupiga picha kulikuwa sahihi. Kugawanya pingili sawasawa pande mbili kulikuwa sahihi. Na kuacha kisukumio baada ya sindano ya pili kupinda, akahamia nyundo na msumari, ulikuwa uamuzi wa fundi hasa.

Nyongeza moja ndogo: alimpima S usiku, kuna ubaridi. Huku kwetu mkono wa mchana, jua likiwa kali, hunenepa. Pima alasiri, na uache nafasi ya kidole kidogo kupita chini ya cheni. Halafu usisahau matundu ya kifungio: kwa kuhamisha pini ya springi tundu moja unapata milimita chache bila kugusa pingili yoyote. Mtu anayelalamika cheni inambana kidogo tu hahitaji nyundo.

Boksi lenyewe

Nililipitia boksi la H zana kwa zana, naye akikaa pembeni akiandika. Nyundo, misumari, kishikio na lenzi: nzuri, zitamfaa miaka. Kisukumio hakifai kwa pini iliyokaza. Sindano zake ni laini, na skrubu yake ina mchezo, kwa hiyo sindano haisimami wima juu ya pini. Kinatosha kuanzishia mwendo wa pini nyepesi. Bisibisi zina ncha laini zinazojikunja na kula kichwa cha skrubu. Nilimshauri anunue mbili tu za maana. Uma ulikuwa mnene kupita kiasi, tukaunoa kwenye jiwe. Kibano kilishika vumbi la chuma, yaani kina sumaku, nacho hakitakiwi kukaribia saa ya otomatiki. Kwa betri atumie kibano cha plastiki, maana cha chuma kikigusa pande zote mbili za betri kinaimaliza.

Betri zilizokuja kwenye kadi, zile zilizoandikwa AG4 na jamaa zake, nilimwambia aziweke kwenye midoli. Ni za alkali: volti yake hushuka taratibu na zikiisha huvuja. Saa ya mshale inayotumia saizi hiyo inataka SR626SW, ya oksidi ya fedha, ambayo hukaa kwenye volti 1.55 karibu maisha yake yote.

Mifuniko ya nyuma ya kubonyeza, ile isiyo na skrubu wala meno, nilimwomba asiifungue mpaka apate kibanio cha kufungia. Kufungua ni rahisi, dakika moja kwa kisu butu. Kufunga ndiko kunakovunja vioo, kwa sababu mtu akishindwa kwa dole gumba hukimbilia koleo.

Hali ilivyo sasa

Cheni haijasogea. S anaivaa kila siku. Jeraha la kioo aliniambia niliache. Kubadili kioo kulikuwa ghali kuliko alivyotaka kutumia baada ya harusi, na halizuii kusoma saa. Gharama yote ya marekebisho ililipwa na H, kwa kung'ang'ania mwenyewe.

Miezi michache baadaye, karibu na Idi, mama yao alitoa mikeka uani kuikung'uta. H alikuwa amesimama pale pale ametandika shuka jeupe chini. Kilianguka kipete kimoja. Akaniletea kikiwa ndani ya kiberiti kitupu, nikakiweka kwenye kopo la vipete, nikakiandikia karatasi saizi yake. Vingine hatujaviona.